Pont ya mbele imeanguka

Leo nimeaibika. Si ile aibu ndogo ya kuvaa blouse ndani-nje. Nimeaibika kwa haut-parleur, katikati ya Makiso, penye maduka yote ya muji, asubuhi, watu wote wakiwa macho na masikio wazi. Naandika mimi mwenyewe mapema kwa sababu kuna mutu nilimuona amenyanyua simu, anafilmer. Afadhali muisikie kwangu kuliko kwake.

(Na wewe uliyeingia juzi kwenye page yangu, usiye na picha wala jina la baba, nimekuona. Soma tu, lakini ujue nimekuona.)

Kwa wasionijua: mimi ni Docteur Feza, muganga wa meno. Niko assistante hapa Kisangani, ni kusema nimekwisha kuwa muganga lakini bado nasomea spécialité. Yangu ni kuwarudishia watu meno yaliyopotea. Zamani Profesa wetu alikuwa anatoka Bukavu, anakuja kutufundisha hapa hapa, anakushika mukono ukitetemeka. Tangu vita ikate njia, haji tena, na wenzetu wa Kivu wametawanyika kila mutu na upande wake. Shule imebaki ndani ya simu. Tuna groupe ya WhatsApp, assistants wa huku, wa Kivu, wa Kindu, wa Kinshasa. Huyu anatuma picha ya mudomo, yule anatuma radio ya taya, ile picha ya mifupa, mwingine anaeleza vile alivyoharibu kazi, halafu Profesa anatuchapa wote kwa audio. Na tunajifunza, musicheze.

Administrateur ni mimi. Wananiita Barrière, kwa sababu hakuna anayepita pale bila kuulizwa anatoka wapi na anaenda wapi. Siombi radhi. Siku hizi kila groupe iko na sikio la mutu mwingine ndani. Groupe ya kwaya iko na mupelelezi. Groupe ya wamama wa likelemba, wanaochangiana vikombe na sahani, iko na mupelelezi. Halafu kwenye barrière za kweli, za askari njiani, wanaweza kukuambia fungua simu, wasome. Donc niliweka sheria. Hakuna siasa, hakuna habari za vita, na hakuna namba. Kwetu kila jino liko na namba yake, na askari akisoma "36 na 46 ziko tayari, 11 tunapiga kesho", atafikiri nini? Nikakataza vifupisho, nikakataza majina ya vyuma vyetu. Nikasema tuandike maneno ya kawaida, kama watu, ili yeyote atakayesoma aone hatuna siri. Siku hiyo nilijisikia mwenye akili sana.

Bon. Juma lililopita ikaingia namba ya Burundi. Haina picha. Mahali pa jina, nukta. Nukta moja tu, kama mavi ya inzi. Haikusalimia mutu. Nikauliza ni nani. Akajibu eti ni Bahati, mwenzetu wa Bukavu ambaye hatukuwa tumemusikia tangu watu wakimbie. Eti simu yake ilibaki njiani. Eti sasa iko Bujumbura. Eti Profesa naye iko pale pale pamoja naye, muzima, simu yake ilipotea vilevile, na anasema samedi yangu, ile Jumamosi niliyopangiwa, haibadiliki.

Hapo ndipo moyo wangu uliruka. Kwa sababu samedi yangu ni leo. Leo saa nne Profesa alikuwa anisikilize. Kazi yangu ikimuridhisha, naingia mwaka wa mwisho. Isipomuridhisha, narudia mwaka. Na kurudia mwaka wakati wa vita si kama zamani. Unarudia, sawa, lakini nani amekuambia mwaka wenyewe utafika?

Sasa huyu Nukta alijuaje habari ya samedi yangu? Nikamuomba anipigie nimusikie sauti. Akasema réseau, mtandao, ni mbaya. Nikamuuliza swali la kazi. Akajibu vizuri, lakini alichelewa. (Wapelelezi wa siku hizi wanasoma, hamujui?) Alors nikamutegea mutego wa mwisho. Nikamuandikia mbele ya groupe nzima: kama wewe ni Bahati wa kweli, taja jina ambalo sisi assistants tunamuita Profesa akiwa hayupo.

Akajibu: "Siwezi kuandika hiyo hapa."

Nikamwambia niko hapa, nakusaidia. Ni Détartrage, ao ni Davier? (Détartrage ni kukwangua uchafu kwenye meno. Davier ni koleo la kung'olea. Jina la kweli ni Détartrage, kwa sababu akianza na wewe anakwangua mpaka unaona damu.) Alama mbili za bleu zikatokea. Kimya. Nikawaandikia wenzangu mumoja mumoja kwa pembeni kwamba huyu si Bahati, ananusa tu. Mwenzetu wa Kindu akanisihi nimuache, labda ni yeye kweli. Nikamuacha. Lakini nililala na jicho moja wazi juma nzima.

Tufike leo.

Nimetoka Mangobo kwa toleka, baiskeli ya abiria, nimekaa nyuma kwenye kile kikiti cha vélo, picha za kazi yangu zote ziko tayari ndani ya simu. Nimesimama Makiso kununua forfait ya internet, maana mégas zilikuwa zinakaribia kuisha, na huwezi kwenda kusikilizwa na Profesa ukiwa na mégas za kuomba-omba. Pale kuna dada anayeuza forfait chini ya parasol, mwavuli mukubwa, anaitwa Zawadi. Kulikuwa na foleni kidogo. Nikangoja.

Simu ikalia. Audio mbili, zimefuatana, kutoka kwa Nukta. Ndani ya groupe.

Mara ya kwanza tunasikia sauti yake! Muelewe pia kwamba simu yangu, tangu ilipoanguka ndani ya sahani ya mboga ya pondu, inaongea kwa haut-parleur tu. Kwenye sikio haitoi kitu. Nikafungua audio ya kwanza. Mutu anasema polepole, anafichaficha sauti, nyuma yake kuna mingurumo ya gari:

"Pont ya mbele imeanguka. Asubuhi hii. Nguzo ya kuume imekatika kabisa. Ya kushoto imesimama, lakini inatikisika. Mukubwa amesema tukae kimya kwanza. Nangoja."

Foleni yote ikageuka.

Nataka niwaeleze akili yangu ilivyofanya, kwa sababu nimeifikiria siku nzima na mpaka sasa naona ilikuwa na mantiki. Nilisema hivi ndani ya roho: sikiliza, Feza, amejisahau. Mupelelezi amekosea groupe! Hii alikuwa anaituma kwa wakubwa wake, kidole kimeteleza, imeanguka kwetu. Pont gani, daraja gani, iko mbele yetu hapa? Ni ile ya juu ya mto Tshopo, hakuna nyingine, ile unayovuka ukienda Bengamisa. Wakiikata hiyo, makemba, ndizi zetu za kupika, hayaingii, na sisi hatutoki.

Na, niseme ukweli, nilisikia ka-furaha kadogo. Juma nzima nimesema, watu wananiona mgonjwa wa kichwa. Nikamutoa Nukta ndani ya groupe pale pale, pa, kwa kidole gumba. Nikataka kufungua audio ya pili, nipate ushahidi. Ka-duara kakazunguka, kakazunguka, kakasimama. Mégas zimeisha.

Papa mumoja mwenye kofia, aliyekuwa mbele yangu, akaniuliza ni pont gani hiyo. Sasa hapa ningeweza kusema sijui. Ni neno fupi, kila mutu analijua. Mimi nikasema: "Pont ya Tshopo, papa. Mimi niko docteur, nimesikia kwa masikio yangu."

Musiniulize kwa nini niliweka neno docteur. Lilitoka peke yake.

Ndugu zangu, Makiso inajua kukimbia. Sijamaliza sentensi, boutique ya kwanza imeshusha mulango wa chuma. Ya pili ikasikia ya kwanza, nayo ikashusha. Ndani ya muda wa kufunga kitenge, barabara yote inalia milango. Toleka wangu akageuza vélo. Papa mwenye kofia akaruka nyuma yake, hata bei hawakupatana. Meza ya Zawadi ikapinduliwa, parasol ikaenda zake. Mama mumoja mwenye beseni ya samaki wa kukausha akanishika mukono, akaniuliza docteur, sasa tukimbilie wapi? Nikanyoosha mukono upande wa fleuve, ule mto mukubwa. Sijui kwa nini. Watu wakateremka kuelekea port, wengine wanaita pirogues, mitumbwi, wavuke ng'ambo, Lubunga, na mimi nimesimama katikati nimenyoosha mukono kama sanamu, nimejaa uzalendo.

Polisi wawili wakatokea. Wakauliza nani ameleta hii habari. Vidole vyote vikanielekea mimi. Hata vya Zawadi, ambaye alikuwa chini anaokota kadi zake, akainua mukono mumoja ili anionyeshe vizuri.

Poste ya polisi haiko mbali. Wakanipeleka, na watu wakafuata, maana mutu akikamatwa hata vita inasubiri kidogo. Ndani kulikuwa na commandant mumoja mutulivu sana, anachokonoa meno na kijiti. (Vibaya, kwa juu-juu, anajitoboa ufizi. Sikusema kitu. Si wakati wake.) Akanikalisha. Akaniambia kwa upole kwamba siku hizi, mutu anayetoa watu mbio muji muzima kwa habari ya uongo, hawamuiti docteur tena, wanamuita jina lingine. Nikamwelewa. Na saa ya ukutani ilikuwa inasogea kuelekea saa nne.

Commandant akapiga simu kwa mutu wake anayekaa penye pont. Wakaongea Lingala. Akaniangalia, akatufasiria: pont iko pale pale. Sasa hivi camion ya makemba inapita juu yake. Yule mutu anauliza kama ilitakiwa kuanguka leo, wao hawakupashwa habari.

Nikamwambia commandant kwamba basi ni mutego, na ushahidi uko ndani ya audio ya pili, nipewe mégas nimuonyeshe sauti ya adui. Zawadi alikuwa mulangoni, amekuja kunidai parasol. Akaniwekea forfait, huku akinitazama vibaya. Ka-duara kakazunguka. Commandant akasogeza kiti. Polisi wakasogea. Kwenye dirisha kulikuwa na vichwa mpaka juu. Audio ikafunguka, kwa haut-parleur, wazi kabisa:

"Docteur Feza, pardon, ni Bahati. Nasema polepole maana Profesa iko chumba cha pili na anaona haya. Ni pont yake mwenyewe, ile ya meno ya mbele ya juu. Amekula mahindi ya kuchoma. Yale anayowakataza wagonjwa. Umesema tusitumie namba wala majina ya kazi, donc nasema tu nguzo: jino la kuume lililokuwa linashika pont limekatika, la kushoto linatikisika. Profesa anasema usihangaike na picha zako. Swali lako la leo ni mudomo wake. Saa nne, hapa hapa kwenye groupe. Wewe ndiye mutu wa pont."

Commandant akatoa kijiti mudomoni.

"Docteur, wewe ni docteur wa nini?"

"Wa meno."

"Ndani ya meno, unasomea nini?"

Nilitazama chini. Kuna sakafu ya simenti, ina ufa mumoja. "Mambo mingi," nikasema.

"Kwa mufano?"

"Meno ya bandia."

"Ile anasema huyu, pont. Ni nini?"

Nikaeleza. Ningefanya nini? Nikasema mutu akipoteza jino katikati, tunaunganisha jino la bandia na majirani yake wawili, linapita juu ya pengo. Yule jirani wa huku na jirani wa kule tunawaita nguzo. Na kitu chote tunakiita pont.

"Na ni kazi yako ya kila siku."

"Ndiyo, commandant."

"Umesikia pont imeanguka, nguzo zimekatika, ndani ya groupe ya waganga wa meno, groupe yako mwenyewe, na ukakimbiza watu kwenda fleuve."

Dirisha likaanguka kwa kicheko. Polisi mumoja alikwenda kulia kwenye ukuta. Mama wa samaki alikuwa pale pia, analia machozi na beseni kichwani. Mimi nilitaka ule ufa wa simenti ufunguke uniingize, na nilikuwa nimekwisha kuamini, kwa dakika hiyo, kwamba hakuna muganga mujinga kuliko mimi kutoka Yanonge mpaka Bukavu.

Kisha nikakumbuka jambo baya zaidi. Nimemufukuza Profesa. Ile nukta ilikuwa mudomo wake na sikio lake, na mimi nimemutoa nje dakika chache kabla ya kunisikiliza. Nikamueleza commandant kwamba narudia mwaka, kwamba yamekwisha. Nilikuwa nalia kweli sasa, hakuna mchezo. Akanitazama, akaangalia saa, akaniambia nimupigie huyo mutu sasa hivi, pale pale mbele yake. Nafikiri alitaka kujua mwisho. Watu wote walitaka kujua mwisho.

Nikapiga. Bahati akashika. Kabla sijaomba radhi, sauti nyingine ikaingia, yenye hewa inayopita mahali isipopaswa kupita:

"Dofteur Fefa. Ni mimi. Détartrage."

Kumbe juma nzima walikuwa wanatumia simu moja. Kila nilichoandika alikisoma yeye. Ndiyo maana masikini Bahati hakuweza kuandika lile jina: mwenyewe alikuwa amekaa pembeni yake, na miwani machoni.

Nikasema nisamehe, Profesa. Akasema radhi baadaye, kwanza mugonjwa. Akanieleza kwa shida kwamba kesho asubuhi anatakiwa kusimama na kusema mbele ya watu kwenye ibada ya wakimbizi wenzake, na hawezi kusimama na pengo. Bahati amepata simenti ya meno kwa muganga mumoja wa pale. Wanataka kuirudisha pont, waibandike leo kwenye nguzo moja iliyobaki. Je, natoa ruhusa?

Nilijua jibu. Lakini ni Profesa anayeomba, na ana mwaka wangu mukononi, na asubuhi hii nimekwisha kumufanya mupelelezi. Ningesema ndiyo tu, tumalize. Commandant alikuwa amenikazia macho. Hata Zawadi alikuwa ameacha kudai.

Nikasema hapana. Nikasema nguzo moja imekatika, nyingine inacheza, mukiibandika hapo itatoka tena, na ikitoka Profesa akiwa amelala inaweza kumuingia kooni. Iwekwe ndani ya maji safi. Wapige radio waone mzizi wa lile lililokatika umebaki namna gani. Ile inayotikisika isiguswe wala kung'olewa kwa haraka. Wamutengenezee meno ya muda, mepesi, ya kuvaa na kuvua. Kama hayatakuwa tayari kesho, basi kesho Profesa asimame na pengo lake. Watu wa pale wamepoteza vitu vikubwa kuliko meno, hawatamucheka.

Kule Bujumbura nikasikia maji yakimiminwa ndani ya kikombe.

"Fawa," akasema. "Bahati alitaka kunibandika tangu alfajiri. Wewe umekataa. Mwaka wa mwifo, ingia."

Watu wa dirishani wakapiga makofi! Hawajui hata mwaka wa mwisho wa nini, lakini walipiga. Nikawashukuru wote, nikamushukuru commandant, nikachukua sac yangu, nikasimama niende zangu.

Commandant akaniambia nikae. Akafungua kabati, akatoa mégaphone.

Ndugu zangu, nimetembea kutoka poste mpaka chini kwenye port, polisi mumoja kushoto, mumoja kuume, Zawadi nyuma na mufupa wa parasol, nikitangaza kwa Kiswahili, kisha kwa Lingala, kisha kwa Kifaransa kwa ajili ya watu wa bureau, kwamba pont haijaanguka, kwamba iliyoanguka ni ya mudomoni, kwamba mimi ni muganga wa meno na nilisikia vibaya. Milango ya chuma ilikuwa inapanda nusu, kichwa kinatoka, kinaniangalia, kinarudi ndani kucheka. Papa mwenye kofia tulimukuta tayari ndani ya pirogue. Akaniomba nirudie mara ya pili, hakusikia vizuri.

Namba ya Bahati nimeirudisha kwenye groupe, na nimemuomba aweke picha. Ameweka ya mahindi.

Kwa hiyo wapendwa, nawaomba kwa heshima musicheke. Mwaka nimepita. Kupita Makiso ndiyo sijui tena nitapitia wapi.